Hesabu na Warithi Wake

Hesabu ni elimu yenye bahati mbaya. Elimu nyingine mtu akiikosa huona haya, akaificha kama aifichavyo nguo iliyotoboka. Lakini hesabu mtu akiikosa hujisifu hadharani. Sijapata kusikia mtu mzima, mwenye heshima zake, akitangaza barazani kuwa hajui kusoma. Walakini nimewasikia wanasheria, waandishi, na hata walimu, wakisema kwa kicheko kuwa wao na hesabu waliachana tangu darasa la sita, na waliowasikia wakacheka pamoja nao kama watu waliokumbushwa adui mmoja. Kicheko hicho nakijua. Chini yake mna woga, na chini ya woga huo, aghalabu, mna fimbo ya zamani.

Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuwafundisha watu wa namna hiyo historia ya hesabu. Wanafunzi wangu si wanahisabati. Ni vijana wa sheria, wa lugha, wa historia na wa elimu ya siasa, ambao kwa kanuni ya chuo hulazimika kuchukua somo moja lililo nje ya fani yao. Wengi huchagua somo langu kwa kukosea: huona neno historia wakaridhika, wasitazame neno lifuatalo. Siku ya kwanza huketi nyuma, karibu na mlango. Nataka kueleza katika insha hii jinsi nilivyowafundisha vibaya, na jinsi nilivyopata kuufahamu ubaya huo. Kwa maana sikuufahamu kwa akili yangu mwenyewe, bali nilifunzwa na mzee mmoja ambaye hakupata kukanyaga chuo kikuu, na ambaye nilikuwa nimemkosea.

Mwanzo nilifundisha kwa orodha. Nilianza Babeli, nikapita Misri, nikavuka bahari hadi Uyunani kwa Thales, Pythagoras na Euclid. Nikageukia Bara Hindi, nikapumzika Baghdad, kisha nikapanda Ulaya kwa Descartes, Newton na Leibniz, na muhula ukaisha. Kila jina lilikuwa na mwaka wake na sifa yake. Nilidhani nafanya jambo la huruma: hesabu yenyewe, iliyowatisha vijana hawa, nimewaondolea, nikawaachia hadithi zake tu. Nilikuwa kama mtu aliyemwalika mgeni mwenye kuogopa miiba, akamwondolea miiba na samaki pamoja, akamwekea sahani.

Majibu ya mtihani yalinionyesha sahani hiyo. Majina yalikuwapo yote, na miaka mingi ilikuwa sahihi, lakini palikuwa hapana kitu kilicholiwa. Mwanafunzi mmoja aliandika kuwa Pythagoras alizaliwa Samos, akavumbua pembetatu, akafa. Nilipiga mstari mwekundu chini ya neno akavumbua, nikaandika kando kuwa uhusiano wa pande za pembetatu mraba ulijulikana Babeli zaidi ya miaka 1,000 kabla yake. Niliporudia kuisoma sentensi ile, niliona kuwa kosa lake halikuwa kubwa kuliko mafundisho yangu. Mimi ndimi niliyemfundisha kuwa hesabu ni mfululizo wa watu waliozaliwa, wakavumbua, wakafa. Hata hivyo sikujua la kufanya badala yake, na mwaka uliofuata nikafundisha vile vile.

Katika mwaka wa nne wa kazi hiyo, kijana mmoja wa sheria alinijia ofisini baada ya kipindi. Aliniamkia, nikamwitikia, akabaki amesimama ingawa nilimkaribisha kiti.

"Mwalimu," alisema, "thumuni ya shilingi 5,400,000 ni ngapi?"

Nilimjibu bila kushika kalamu kuwa ni 675,000.

"Na mwenye haki ya thumuni akipewa 600,000?"

"Amepunjwa 75,000," nilisema.

Ndipo aliponieleza. Dada yake alikuwa amefiwa na mumewe, akabaki na watoto wawili wa kike. Marehemu alikuwa Mwislamu, na mali yake, baada ya kutolewa gharama za mazishi na madeni, ilikuwa shilingi 5,400,000. Mke wa mtu aliyeacha watoto hurithi thumuni; hilo kijana alilijua, na mimi nililijua. Mgawanyo ulifanywa na baba wa marehemu, mzee aliyeisoma elimu ya mirathi ujanani mwake, na yule mjane akakabidhiwa 600,000. Kijana aliniomba nimwandikie hesabu ile katika karatasi na nitie sahihi yangu pamoja na cheo changu. Niliandika mistari mitatu, nikatia sahihi. Haikunijia hata kumwuliza swali moja ambalo mtoto wa chuoni, aliyesoma mirathi juma moja, angaliuliza kwanza: Marehemu ameacha nani na nani?

Karatasi hiyo ilisomwa mbele ya watu siku ya hitima ya arobaini. Nilisimuliwa baadaye kuwa watu wa pande zote mbili walisimama. Kwamba mzee alitazama chini asijibu. Na kwamba mjane, aliyekuwa akikaa na wakwe zake kwa wema, alifunga mizigo jioni ile, akaondoka na wanawe wakilia. Hayo yote yalitendeka kwa nguvu ya sahihi ya mwalimu wa hesabu.

Baada ya juma moja kijana alirudi, na sauti yake ilikuwa imeshuka. Alikuwa amechukua karatasi kutoka kwa mzee. Katika karatasi hiyo mlikuwa na tarakimu nne zilizopangwa moja chini ya nyingine, kwa mkono wa mtu aliyezoea kalamu: 3, 16, 4, 4. Chini yake palikuwa na maneno mawili tu: Mwalimu anijumlishie.

Nilidhani ni kejeli. Jumla ni 27, na mtoto wa darasa la pili angaliweza kuipata. Lakini usiku karatasi ile ilininyima usingizi, na asubuhi nilimwita kijana nikamwuliza swali nililopaswa kumwuliza mwanzo. Marehemu aliacha mke, binti wawili, baba na mama.

Msomaji na tukae pamoja na hesabu hii, maana haina ugumu ila uvumilivu. Sheria humpa mke thumuni, yaani sehemu moja ya nane. Binti wawili hupewa theluthi mbili. Baba hupewa sudusi, yaani sehemu moja ya sita, na mama sudusi nyingine. Ili kuyajumlisha mafungu haya twatafuta namba ndogo inayogawanyika kwa nane, kwa tatu na kwa sita; namba hiyo ni 24. Mke ana mafungu 3 katika 24, binti wana 16, baba 4, mama 4. Jumla ni 27. Mali ina mafungu 24, na haki za watu ni mafungu 27. Kila mmoja ana haki iliyo wazi, na haki zote pamoja hazienei katika mali.

Tena kuna jambo lililonitia baridi zaidi. Theluthi mbili za binti, na sudusi mbili za wazazi, zikijumlishwa ni kitu kizima kisichobakisha. Laiti wazazi wa marehemu wangalitwaa kwanza haki yao kamili, na binti wakapewa yao kamili, yule mjane niliyekuwa nikimpigania kwa karatasi yangu asingalipata hata senti moja. Mzee hakufanya hivyo. Aligawanya mali mafungu 27 badala ya 24, kila fungu likawa shilingi 200,000. Mjane alipata mafungu 3, ndiyo 600,000. Binti walipata 3,200,000. Mzee mwenyewe, ambaye sudusi yake ilikuwa 900,000, alitwaa 800,000, na mkewe vivyo hivyo. Kila mrithi aliacha sehemu moja ya tisa ya haki yake ili wote waenee. Mjane alipungukiwa 75,000. Mzee alipungukiwa 100,000, akatukanwa juu yake.

Nilikwenda maktaba, na huko aibu yangu iliongezeka. Kumbe jambo hili lina jina, nalo ni aul, na lina historia ndefu kuliko vyuo vikuu vyote. Yasimuliwa kuwa lilizuka kwanza zama za Khalifa Umar, aliyetawala kutoka 634 hadi 644, pale mwanamke mmoja alipokufa akaacha mume na dada wawili: nusu na theluthi mbili, yaani mafungu 7 katika 6. Ikaonekana kuwa warithi na wapunguziwe wote kwa kadiri moja, kama wadai wapunguziwavyo mali ya mdaiwa isipotosha madeni. Abdallah bin Abbas hakukubali. Kwake yeye, wako warithi wa kutangulizwa na wako wa kubeba upungufu. Masunni walifuata shauri la kwanza, na Mashia hawaitumii aul hata leo. Na mas'ala yenyewe ya mke, binti wawili, baba na mama yaitwa Mimbariyya, kwa sababu yasimuliwa kuwa Ali aliulizwa akiwa juu ya mimbari, naye, pasipo kukatiza hotuba yake, akajibu kuwa thumuni ya mke imekuwa sehemu ya tisa.

Kisha nikamrudia al-Khwarizmi. Kwa miaka minne nilikuwa nimewaandikisha wanafunzi jina lake: mwanachuoni wa Baghdad, mwandishi wa kitabu cha aljebra karibu na mwaka 820. Niliwafundisha milinganyo yake sita, nikafunga. Lakini kitabu chake hakiishii hapo. Kina sehemu ndefu sana ya wasia na mirathi, na katika utangulizi wake asema kuwa amekiandika kwa ajili ya haja za watu katika mirathi, wasia, ugawaji, mashauri, biashara, upimaji wa ardhi na uchimbaji wa mifereji. Sehemu hiyo niliikata kwa hiari yangu, kwa kuwa niliona kuwa si hesabu halisi. Nilikuwa na kijana wa sheria mbele yangu, na katika kitabu mlikuwa na maelfu ya warithi wakigawanyiwa haki zao, nami niliwafungia mlango nikampa kijana mwaka wa kuandikwa kitabu.

Nilifuatana naye kwenda kwa mzee. Tulimkuta barazani kwake, tukamwamkia, akatukaribisha kama kwamba hakuna lililopita. Nilitaka radhi kwa maneno niliyokuwa nimeyatayarisha njiani, na maneno hayo yalikuwa mengi kuliko yaliyotakiwa. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Hukukosea hesabu, mwanangu. Ulikosa warithi." Akaagiza tuletewe kahawa. Mjane alirejea katika nyumba ile baada ya siku chache, lakini sitasema kuwa kila kitu kilirudi kama kilivyokuwa. Neno la wizi likitamkwa mbele ya watu huondolewa kwa shida kuliko lilivyotiwa.

Maneno ya mzee yamekuwa msingi wa kazi yangu tangu siku ile. Mwanahisabati hufurahia kuiondoa hesabu katika mambo yaliyoizaa. Husema thumuni ya kitu, asiulize kitu gani wala mwenyewe nani. Na ni haki yake, maana kwa kuondoa hivyo elimu yake hupata nguvu ya kutumika mahali pote. Lakini mwanafunzi asiye mwanahisabati hataishi huko juu. Ataishi mahali ambapo hesabu huwashukia watu: mahakamani, magazetini, katika mikopo, katika sensa na katika uchaguzi. Apaswa kujua mambo mawili. La kwanza ni kukokotoa, ili asidanganywe. La pili ni kutambua pale ambapo kukokotoa kumekwisha na uamuzi wa watu umeanza. Kwamba 3 na 16 na 4 na 4 ni 27, hilo halina madhehebu. Kwamba wote wapunguziwe sawasawa, au baadhi watangulizwe, hilo namba haziwezi kulisema. Lilisemwa na watu, na watu wengine wakalipinga. Sijui elimu iwezayo kuonyesha mpaka huo kwa uwazi kuliko historia ya hesabu ikifundishwa vema.

Basi niliiacha orodha. Sasa katika muhula mzima twashughulika na maswali machache tu, na kila swali twalifanya kwa mikono yetu kabla ya kutaja jina la mtu yeyote.

Twaanza na mikate ya Misri. Uko mfunjo, uliohifadhiwa London katika British Museum, ulionakiliwa na mwandishi aitwaye Ahmes karibu na mwaka 1550 kabla ya Kristo. Ndani yake mna swali la kugawia watu 10 mikate 6. Wanafunzi wangu hutoa jibu upesi: kila mtu apate sehemu sita za kumi. Nawaambia, haya, twaeni kisu. Ndipo wanapoona kuwa jibu lao lawapa baadhi ya watu kipande kizima, na wengine makombo yaliyookotwa hapa na pale. Jibu la Ahmes ni nusu na sehemu moja ya kumi. Mikate 5 hukatwa nusu nusu, zikapatikana nusu 10. Mkate wa sita hukatwa vipande 10. Na kila mtu huondoka na vipande viwili vilivyo sawa na vya mwenziwe, pasipo mtu wa kunung'unika. Vitabu vingi vimeyacheka mafungu ya Wamisri kwa uzito wake. Darasani hatuyacheki tena. Jibu letu na la Ahmes ni sawa kwa namba. Kwa macho ya watu kumi wenye njaa, si sawa.

Kisha twachukua kibao kimoja cha udongo cha Babeli, kilicho Marekani katika Chuo Kikuu cha Yale, chenye umri wa miaka 3,600 au zaidi. Ni cha mviringo, chaenea kiganjani, na wataalamu wengi wakiona kuwa ni zoezi la mwanafunzi. Kimechorwa mraba na ulalo wake, na juu ya ulalo zimeandikwa namba 1, 24, 51 na 10. Nawaambia wanafunzi wazisome kama wasomavyo saa: 1, dakika 24, sekunde 51, na sehemu 10 za sitini za sekunde. Wakizigeuza kwa mpango wetu wa makumi hupata 1.41421, namba ambayo ikizidishwa kwa nafsi yake hukaribia 2 mno. Hunyamaza wanapotambua kuwa mwanafunzi mwenzao wa zamani hizo alipata usahihi huo, na kuwa dakika 60 zilizo mikononi mwao ni urithi wa watu walewale.

Siku ya tatu ni ya sifuri, nayo huipenda kuliko zote. Twaanza na kinywa chetu wenyewe. Moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni maneno ya Kibantu. Sita, saba na tisa yalikuja kwa Kiarabu, pamoja na ishirini, mia na elfu. Laki ilitoka Bara Hindi, na milioni Ulaya. Kenda lingali likisikika badala ya tisa, na fungate, lililokuwa saba, limebaki na maarusi peke yao. Mtu ahesabuye kwa Kiswahili kutoka moja hadi milioni amezunguka bahari bila kujua. Nayo sifuri ni sifr ya Kiarabu, maana yake tupu, na Waarabu walifasiri hivyo neno la Kihindi lenye maana hiyohiyo. Ulaya ilipolipokea neno hilo ililigawanya mara mbili: kwa upande mmoja likawa jina la sifuri, na kwa upande wa pili likawa jina la maandishi ya siri.

Brahmagupta wa Bara Hindi, katika mwaka 628, aliandika kanuni za kutumia sifuri kama namba, akizieleza kwa mali na deni. Nyingi ni sawasawa na zetu. Lakini alisema pia kuwa sifuri ikigawanywa kwa sifuri jibu ni sifuri. Nawaachia wanafunzi kimya kidogo, kisha nawaambia kuwa alikosea. Katika mwaka mmoja, msichana wa idara ya lugha aliinua mkono, jambo ambalo hakupata kulifanya, akasema kuwa alipokuwa mtoto aliuliza kwa nini hatugawanyi kwa sifuri, akachapwa kwa kupoteza wakati wa darasa. Nilichukua kikapu cha maembe 12, ya kudhaniwa tu, nikamwuliza: Ukitoa 3 kila mara, utatoa mara ngapi hata kikapu kiwe tupu? Alisema mara 4. Na ukitoa 2? Mara 6. Na ukitoa sifuri? Alifikiri, akasema: "Nitasimama pale hadi maembe yaoze." Darasa lilicheka, naye akacheka, lakini macho yake yalikuwa yamejaa maji. Swali lililomletea fimbo lilikuwa swali la wanavyuoni, na lilichukua karne nyingi kutulizwa. Hakuwa mjinga, alikuwa amefika mapema mahali ambapo mwalimu wake hakupata kufika.

Vijana wa sheria nawawekea Florence. Katika mwaka 1299 chama cha wabadili fedha wa mji huo kiliwakataza wanachama wake kuandika hesabu zao kwa tarakimu hizi mpya, wakatakiwa kuandika kwa maneno au kwa herufi za Kirumi. Sababu itajwayo mara nyingi ni hofu ya hila, kwa kuwa sifuri yaweza kugeuzwa 6 au 9 kwa mkato mmoja wa kalamu. Nawauliza kama chama kile kilikuwa na ujinga au busara, na mabishano hayaishi kabla ya kengele. Wanaokisuta husahau kwa muda kuwa hundi hata leo huandikwa kiasi chake kwa maneno pia.

Wako wenzangu wasioridhika. Wanahisabati wasema kuwa ninachofundisha ni hesabu nyepesi, na wanahistoria wasema kuwa ni historia yenye matundu. Wote wana haki kidogo. Swali moja la mikate halimfanyi mtu kuwa mwanahisabati, na kutoka Misri hadi Florence nimeruka karne nyingi ambazo sikuzigusa. Lakini nimechagua kati ya njia ndefu isiyoachiwa alama na visima vichache vyenye maji.

Iko hatari nyingine ninayoiogopa zaidi, nayo yatoka kwa wanafunzi wenyewe wanapoanza kulipenda somo. Katika mwaka 1950 Jean de Heinzelin alichimbua mfupa huko Ishango, Kongo, kando ya Ziwa Edward, pale mto Semliki unapotoka. Umri wake wakadiriwa kuwa miaka 20,000 hivi, na sasa uko Brussels. Una alama za kukatwa zilizopangwa kwa makundi, na safu moja ina makundi ya 11, 13, 17 na 19. Vijana wakisikia hayo hutaka kuruka: namba hizo hazigawanyiki ila kwa moja na kwa nafsi zake, basi babu zetu walizijua namba tasa kabla ya dunia! Wako wataalamu walioona humo hesabu, wengine wakaona kalenda ya mwezi, na wengine wakaona mikato ya kuzuia mkono usiteleze. Nawaambia kuwa mfupa hausemi, nasi tusiusemee. Mtu mmoja alikata alama hizo kwa mkono uliotulia, na hilo ni kubwa. Kuongeza juu yake fahari tusiyokuwa na ushahidi wake ni kutenda lile nililotenda mimi: kutia sahihi kabla ya kuuliza.

Mtihani nao nimeubadili. Siulizi tena nani alizaliwa lini. Namtaka kila mwanafunzi alete hesabu moja kutoka nyumbani kwao, iwe ya upatu, ya shamba, ya mahari au ya kodi. Aikokotoe mwenyewe bila kosa. Kisha aeleze ni ipi sehemu ya namba na ni ipi sehemu ya makubaliano, na ni nani aliyesahauliwa katika kuhesabu. Makaratasi hayo ni marefu, na kuyasahihisha huchosha. Lakini tangu nilipoanza kuyasoma sijakutana tena na mtu aliyezaliwa, akavumbua, akafa.

Yule kijana wa sheria sasa ni wakili, na baadhi ya kazi yake ni mirathi. Mzee alifariki miaka michache iliyopita, na nilihudhuria mazishi yake nikiwa nyuma ya watu. Karatasi yake ningali ninayo, imehifadhiwa katika kitabu ninachokwenda nacho darasani. Kila mwanzo wa muhula, kabla sijajitambulisha, naandika ubaoni 3, 16, 4 na 4, nikawataka wale waliokaa karibu na mlango wanijumlishie. Hutazamana kwa mashaka, kama watu wanaohofia mtego, kisha mmoja husema kwa sauti ndogo kuwa ni 27. Namwambia kuwa amepata. Halafu nauliza, "Katika ngapi?" Hapo darasa hunyamaza, na hapo ndipo somo letu huanza.